Kuziba mlango wa ndani kwenye nyumba ya zamani

Ndugu, nimekuelewa: mlango kati ya sebule na chumba huutaki tena, ila unaogopa ukiuziba utaacha ufa. Hofu yako ina msingi, maana nyufa huanzia pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani.

Ng'oa fremu yote, lakini linta, ile boriti iliyo juu ya mlango, usiiguse. Ndiyo imebeba ukuta. Bandua plasta pembeni hadi uone tofali, ulimwagie maji. Kisha jenga tofali kuziba uwazi, na kila baada ya kozi (mistari ya tofali) mbili au tatu, toboa ukuta wa zamani uchomeke kipande cha nondo kilale ndani ya mchanganyiko mpya. Fundi wangu aliruka hatua hii. Baada ya miezi michache ufa ukachora umbo la mlango mzima, juu na pande zote mbili.

Kabla ya plasta, tandika wavu juu ya maungio ya ukuta mpya na wa zamani. Na kama nyumba ilijengwa kwa chokaa, endelea na chokaa, saruji tupu ni ngumu mno kwake.

Ukikuta waya za swichi karibu na fremu, mwite fundi umeme kwanza. Linta ikiwa imepinda au imepasuka, usibomoe chochote kabla mhandisi hajaiona.