Kadi ya grafiki: ya bei ya kati au ya ghali?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeweka akiba ya kununua kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za kompyuta) kwa ajili ya michezo ya kompyuta, lakini nimekwama kati ya GeForce RTX 4060 na RTX 4070, ambayo bei yake ni karibu maradufu. Skrini yangu ni ya pikseli 1920 kwa 1080, herzi 60. Pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ni ya wati 550, na kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i5-8400. Je, nijibane zaidi ninunue ile ya ghali? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa skrini uliyo nayo, usijibane. Skrini ya herzi 60 huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo hata kadi ikitengeneza 130, zilizozidi utakuwa umezilipia bila kuziona. Kadi hizo zilipotoka mwaka 2023, kampuni yake, Nvidia, ilitangaza dola 299 kwa RTX 4060 na dola 599 kwa RTX 4070, na pengo hilo la dola 300 linatosha kununua skrini nzuri kuliko hiyo.

Udhaifu wa RTX 4060 upo kwenye kumbukumbu, kwani ina gigabaiti 8 ilhali mwenzake ana 12. Baadhi ya michezo mipya, ikiwekwa kwenye ubora wa juu kabisa, huzijaza hizo 8, na dalili zake ni picha kukwama ghafla unapokata kona, au ukuta kubaki na ukungu kwa muda kabla matofali yake hayajaonekana sawasawa. Ukiona hivyo, shusha ngazi moja ubora wa nyuso za vitu, yaani kuta, ardhi na mavazi. Mara nyingi hutatambua tofauti, ingawa wauzaji hawapendi kulisema hilo.

Ningekushauri RTX 4070 endapo tu umekwisha kuamua kununua skrini ya pikseli 2560 kwa 1440, ambayo huitaka kadi ichore takriban pikseli milioni 3.7 kwa kila picha badala ya milioni 2.1. Hapo uangalie na mahitaji ya umeme: RTX 4060 hutumia hadi wati 115 na pawa saplai yako inaitosha, lakini kwa RTX 4070, yenye wati 200, Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 650.

Kinachonitia shaka zaidi ni kichakataji chako, ambacho ni cha kizazi cha mwaka 2017. Kabla hujatoa fedha, fungua mchezo unaoupenda ukitumia kadi ya sasa, zima kizuizi cha idadi ya picha kwa sekunde, kisha punguza pikseli hadi 1280 kwa 720. Idadi ya picha ikipanda sana, kadi ndiyo inayokuchelewesha. Isipopanda, anza na kichakataji, na ujue kwamba kizazi kipya kitadai ubao mama mpya pia, yaani ubao kinapochomekwa kichakataji.