Maswali yenu kuhusu kuhifadhi Qurani: nani alimsikiliza nani?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: Qurani ilitufikiaje kwa njia ya kuhifadhiwa, na sisi wenyewe tunaihifadhije. Nimechukua nane. Nyingine zilikuwa za fatwa za ndoa na mirathi, hizo zina wenyewe.

Assalaam alaykum ustadh. Kazini tunabishana. Mwenzangu anasema Qurani ilikaa vichwani mwa watu tu mpaka zama za Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, ndipo ikaandikwa, na kichwa cha mtu husahau. Nimjibu nini? (Msomaji, Tanga)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwambie ameanza na kosa la historia. Qurani ilikuwa ikiandikwa Mtume (S.A.W.) yuko hai, alikuwa na waandishi wa wahyi, na kijana Zaid bin Thabit alikuwa mmoja wao. Ambacho hakikuwepo ni msahafu mmoja uliojalidiwa. Aya ziliendelea kuteremka kwa muda wa miaka 23, na aya mpya ikishuka iliweza kuwekwa katikati ya sura iliyotangulia. Kitabu cha namna hiyo hakijalidiwi mpaka kimalizike.

Kukusanya kulikuja baada ya vita vya Yamama, mwishoni mwa mwaka wa 11 Hijria au mwanzoni mwa 12, walipouawa wasomaji wengi. Umar akamwendea Khalifa Abubakar na khofu yake. Abubakar akasita: vipi tufanye jambo ambalo Mtume hakulifanya? Alipokinai akamwita Zaid, naye Zaid, kwa mapokezi ya Bukhari, alisema lau angeamrishwa kuuhamisha mlima isingekuwa kazi nzito kuliko hiyo. Akaikusanya kutoka kwenye mashina ya makuti ya mitende, vijiwe vyembamba na vifua vya watu.

Sasa msimulie mwenzako sehemu hii, maana ndiyo wengi wanaipita. Zaid mwenyewe alikuwa amehifadhi. Angeweza kukaa kitako akaandika yote kutoka moyoni mwake, na asingekuwepo wa kumlaumu. Hakufanya hivyo. Tena zama za Uthman, walipokuwa wakinakili kurasa hizo kuwa misahafu ya kupelekwa mijini, anasimulia kwamba aliikosa aya moja ya Suratul Ahzab ambayo alikuwa akimsikia Mtume akiisoma. Wakaitafuta mpaka wakaipata kwa Khuzaima bin Thabit al-Ansari. Tazama mambo yalivyokwenda: masikio ndiyo yaliyomwambia kuna pengo katika maandishi, kisha akataka maandishi yashuhudie yale aliyoyasikia. Hakuna kimoja kilichoaminiwa peke yake.

Kichwa cha mtu mmoja husahau, hilo kweli. Lakini hapa vichwa vilikuwa vingi, vinasali pamoja mara tano kwa siku, na kila anayesoma kwa sauti anasikiwa na wengine wanaoijua aya hiyo hiyo.

Halafu kuna hati yenyewe. Maandishi ya zama zile kwa kawaida hayakuwa na irabu, na nukta zilikuwa chache mno. Be, te, the, nun na ye katikati ya neno hufanana zote. Ukurasa kama huo humsaidia aliyekwisha kusikia, na humpoteza asiyesikia. Ndiyo maana msahafu wa Uthman ulihitaji msomaji kila mji ulikofika. Katika mji wa Kufa, Iraq, alikaa Abu Abdirrahman as-Sulami akifundisha msikitini kwa takriban miaka 40. Lishike jina hilo, litarudi.

Akitaka ushahidi wa vitu vya kushikika, mtajie karatasi za ngozi zilizoko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya kipimo cha kaboni: ngozi ile ni ya kati ya mwaka 568 na 645 Miladia. Ila kipimo hicho hupima ngozi na si wino, kwa hiyo kitumieni kwa adabu, msikipigie ngoma kupita kiasi.

Ustadh, msikiti tunaosali hapa wengi ni Wamorokko. Imamu anasoma "Maliki yaumiddin" bila kuvuta, na misahafu yao ina hesabu nyingine za aya. Je, kuna Qurani mbili? (Msomaji, Brussels)

Hakukosea, na Qurani ni moja. Imamu wenu anasoma kwa riwaya (yaani njia ya kusoma iliyopokewa) ya Warsh kutoka kwa mwalimu wake Nafi'. Sisi tulio wengi tunasoma riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Nafi' alikuwa msomaji wa Madina, akafariki mwaka 169 H. Warsh alikuwa Mmisri aliyesafiri mpaka Madina kusoma kwake. Jina lake hasa ni Uthman bin Said, na hilo la Warsh ni lakabu aliyopewa na mwalimu wake kwa weupe wake.

Neno hilo la Al-Fatiha, katika hati ya Uthman, limeandikwa mim, lam na kaf bila alifu. Asim na Al-Kisai wakapokea kwa kuvuta, "Maaliki", Mwenye kumiliki. Nafi' na wengine wakapokea "Maliki", Mfalme. Hati moja imezibeba zote mbili, na zote zina watu waliozipokea kwa mdomo kutoka kwa Masahaba.

Jambo hili si geni. Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul Furqan kwa namna asiyoijua, akamkamata kwa nguo yake akamburura mpaka kwa Mtume. Mtume akamwamuru kila mmoja asome, na kila mmoja akaambiwa: ndivyo ilivyoteremshwa. Akaeleza kwamba Qurani imeteremshwa kwa herufi saba. (Herufi saba za hadithi hiyo msizichanganye na kiraa saba, yaani namna saba za kusoma za maimamu wa kisomo. Kiraa saba alizikusanya kitabuni Ibn Mujahid, aliyefariki mwaka 324 H. Baadaye Ibn al-Jazari, aliyefariki 833 H, akathibitisha kumi.)

Kwa nini basi Hafs imeenea hivi? Dola ya Kiosmani iliibeba, na msahafu uliochapwa Cairo mwaka 1924 ukaitia mikononi mwa watu wengi zaidi. Warsh imebaki na nguvu Maghribi na Afrika ya Magharibi, Qalun nchini Libya, na Sudan bado wako wanaosoma riwaya ya Ad-Duri kutoka kwa Abu Amr.

Hesabu za aya ni suala la wapi pa kukata. Sisi tunaihesabu Bismillahi ya Al-Fatiha kuwa aya ya kwanza. Watu wa Madina hawakuihesabu, lakini wakakata aya kwenye "an'amta alaihim", nao wakapata saba vilevile. Sali nyuma ya imamu wako kwa moyo mkunjufu.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa aya za Qurani ni 6666. Mwanangu anasema 6236. Nani mkweli? (Bibi, Unguja)

Mwanao, bibi yangu. Hiyo 6666 ni nambari nzuri kuitamka, na imezunguka dunia nzima, lakini haiafiki hesabu ya mji wowote. Watu wa mji wa Kufa walihesabu 6236, ndiyo iliyo katika msahafu wa Hafs. Katika misahafu ya Warsh utakuta 6214. Mwenye shaka ajumlishe aya za sura 114, ni kazi ya jioni moja.

Mwanangu ana miaka tisa, amehifadhi juzuu kumi kati ya thelathini. Kila akifika mbele, ya nyuma yanapotea, na mwalimu wake anamchapa kwa hilo. Nifanye nini? (Mama, Mombasa)

Kwanza fimbo. Mama yangu, mtoto anayesahau hajafanya kosa. Mtume mwenyewe ametuambia kuwa Qurani hukimbia upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba mguuni. Anayemchapa mtoto kwa sababu ngamia amekata kamba hajaielewa hadithi. Zungumza na mwalimu kwa heshima, na asiposikia, mhamishe mtoto.

Sasa kazi yenyewe. Ninaloshuku ni kwamba anapewa somo jipya kila siku na hasikilizwi ya zamani. Siku yake igawanywe mara tatu: somo jipya, masomo ya siku saba zilizopita, na muraja, yaani kurudia juzuu za nyuma. Kwa aliye na juzuu kumi, arejee angalau nusu juzuu kila siku, hata ikibidi somo jipya lisimame kwa miezi. Msiogope kusimama. Haraka ya "mtoto wangu kamaliza kwa mwaka mmoja" ni ya wazazi.

Msahafu usibadilishwe. Ule wa Madina wenye mistari 15 una kurasa 604, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya, hivyo jicho hukumbuka kwamba aya fulani iko juu kulia. Ukimpa mtoto chapa nyingine umemnyang'anya ramani yake. Na hesabu haina siri: nusu ukurasa kwa siku ni siku 1208, yaani miaka mitatu na ushei. Huo ni mwendo mzuri sana kwa mtoto anayekwenda skuli.

Tena tazama anasahau wapi. Mara nyingi si kusahau, ni kuingia njia ya aya nyingine inayofanana. Al-Baqara aya ya 173 inasema "wa maa uhilla bihi lighairillah". Al-Maida ya 3, Al-An'am ya 145 na An-Nahl ya 115 zimelichelewesha "bihi" mpaka mwisho: "lighairillahi bihi". Vilevile Al-An'am ya 151 ni "nahnu narzuqukum wa iyyahum", na Al-Israa ya 31 ni "nahnu narzuquhum wa iyyakum". Katika Al-An'am wazazi wanaua watoto kwa umasikini uliokwisha kuwafika, basi wao ndio wanaotajwa kwanza kuruzukiwa. Katika Al-Israa wanachelea umasikini utakaokuja, basi watoto wanatangulizwa. Mtoto akielezwa hivyo mara moja, huenda asipotee tena hapo. Awe na daftari la aya zinazofanana, aziandike kwa mkono wake.

Kuna faida gani kuhifadhi maneno usiyoyaelewa? Nauliza kwa nia njema. (Mwanafunzi, Dodoma)

Thawabu ipo hata kwa kusoma tu. Hadithi ya Tirmidhi inasema kila herufi ni jema, na jema hulipwa kwa kumi. Na bila ya mamilioni waliohifadhi wasijue Kiarabu, Qurani isingesimama imara namna hii nje ya Uarabuni.

Lakini sitakuficha: mizani yetu imelala upande mmoja. Tunajaza viwanja kwa mashindano ya kuhifadhi, tunagawa zawadi, na mshindi huenda asikueleze Suratul Asr ina nini. Yule as-Sulami wa Kufa alisimulia kwamba waliomfundisha walikuwa wakijifunza aya kumi, hawavuki mpaka wajue elimu na amali iliyomo ndani yake. Tafsiri za Kiswahili tunazo. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy imo mikononi mwa watu tangu mwaka 1969. Anza na sura fupi unazozisali kila siku.

Nahifadhi kwa programu ya simu na rekodi za masheikh. Bado nahitaji mwalimu? Na ijaza ni nini hasa? (Msomaji, Muscat)

Rekodi ni neema. Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qurani nzima kwa riwaya ya Hafs, ikatoka mwaka 1961, na mpaka leo sijui wa kumshinda kwa mwanafunzi: anakwenda taratibu na kila herufi unaiona. Tatizo ni kwamba wewe unamsikia, yeye hakusikii. Zipo programu zinazokusikiliza na kukuonyesha neno uliloruka, nazo zinafaa kwa muraja. Ila ulimi wetu Waswahili una mazoea yake: ha nzito ya "alhamdu" tunaifanya ha nyepesi, qaf inakuwa kaf, dhwadi kila mtu na yake. Hayo anayashika mtu aliyekaa mbele yako anakutazama mdomo.

Ijaza ni ushahidi wa mwalimu kwamba umemsomea yote, tangu Al-Fatiha mpaka An-Nas, kama alivyomsomea mwalimu wake. Silsila ya Hafs inapanda hivi: Hafs alisoma kwa Asim, ambaye pia alikuwa baba yake wa kambo; Asim akasoma kwa as-Sulami; as-Sulami kwa Ali, Uthman na Masahaba wengine; nao kwa Mtume. Jihadhari na anayekuuzia ijaza kwa kusikiliza juzuu moja. Huyo anauza karatasi.

Je, wanawake walikuwa na nafasi yoyote katika jambo hili? (Dada, Kigoma)

Kubwa, dada yangu. Kurasa alizokusanya Zaid zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, na Umar alipofariki zikakaa kwa binti yake Hafsa, mke wa Mtume. Uthman alipotaka kunakili alituma kwake kuziazima, kisha akamrudishia. Ummu Waraqa naye anatajwa katika mapokezi kuwa alikuwa ameikusanya Qurani moyoni. Mwanamke mwenye ijaza leo hajaanzisha jipya.

Tarawehe za mwaka jana imamu alikwama, watu wanane wakamrekebisha kwa pamoja, akachanganyikiwa zaidi. Utaratibu ni upi? (Msomaji, Bagamoyo)

Kumkumbusha imamu ni sunna. Mtume alipotatizwa na kisomo ndani ya swala, alipomaliza alimuuliza Ubayy bin Kaab: ulisali nasi? Akasema ndiyo. Akamuuliza, basi kilikuzuia nini? Yaani Ubayy angemkumbusha.

Lakini mmoja anatosha. Msikiti umteue hafidh, aliyehifadhi Qurani, asimame nyuma ya imamu moja kwa moja, naye asubiri kidogo, maana imamu aliyenyamaza pengine anavuta pumzi. Akiona amekwama kweli, amsomee maneno mawili matatu yanayofuata, kwa sauti ya kumfikia yeye. Asipopokea, imamu ana ruhusa ya kwenda rukuu au kuhamia aya nyingine. Wengine mliobaki, hata mkiwa mmeijua aya kuliko yeye, nyamazeni, na simu zenu zizimwe.