Barua kwa mwanangu: Wimbo tunaoujua sote ndani ya filamu

Lubumbashi, Kamalondo

Mwanangu mpendwa Ilunga,

Barua yako imefika, na nimeisoma pamoja na mama yako. Unasema kwamba filamu yako fupi juu ya babu yako na miaka yake ya kazi kwenye shaba iko karibu kumalizika, kwamba unataka kuiingizia wimbo «Indépendance Cha Cha», na kwamba wenzako wanakupinga kwa kuwa, kwa maoni yao, wimbo unaojulikana na kila mtu huamsha hisia ambazo filamu yenyewe haikuzifanyia kazi. Unaniuliza kama wanasema kweli.

Wanasema kweli mara nyingi, lakini si kwa wimbo huu, na nitakueleza kwa nini naamini hivyo. Wimbo uliozoeleka huongeza uzito wa filamu pale ambapo mtazamaji, akiusikia, anakumbuka jambo ambalo watu walio kwenye picha bado hawalijui, au wanalijua na hawathubutu kulitamka. Ikiwa wimbo unarudia tu kile ambacho uso wa mwigizaji umekwisha kukionyesha, furaha juu ya furaha na msiba juu ya msiba, basi ni bora kuacha kimya.

Tuutazame wimbo wenyewe. Joseph Kabasele na bendi yake, African Jazz, waliupiga Bruxelles mwezi wa Januari 1960, viongozi wetu walipokuwa wamekaa na Wabelgiji kwenye Meza ya Mviringo, ule mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo. Umeimbwa kwa Kilingala, lakini huku Katanga tunakosema Kiswahili hakuna mzee asiyeufahamu. Sikiliza vizuri ile sehemu ya majina: Bolikango, Kasa-Vubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, wote wanaitwa mmoja baada ya mwingine kama ndugu wa nyumba moja, na chama cha Conakat, kilichozaliwa hapa mjini kwetu, kinatajwa kati ya vile vilivyopatana. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa Conakat, alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na mwezi wa Agosti Kalonji naye alikuwa na dola lake huko Kasai Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, pamoja na wenzake Mpolo na Okito, aliletwa kwa ndege hadi kiwanja cha Luano, hapa mjini kwetu, na usiku ule ule wakauawa porini, mwendo usio mrefu kutoka mahali ninapokuandikia. Tangu wimbo ulipopigwa kwa mara ya kwanza hata mwaka mzima haukuwa umepita.

Wale wanamuziki hawakudanganya mtu. Walifurahi kwa haki, na gitaa la Nico, mpiga gitaa wa African Jazz, bado linabeba furaha ile bila kasoro yoyote. Ndiyo sababu wimbo unaumiza. Mwongozaji hahitaji kumweka msimulizi wa kutuambia kwamba umoja ulivunjika, kwa kuwa kila jina linapotajwa sisi wenyewe tunalimalizia habari yake kimoyomoyo. Mbelgiji Johan Grimonprez amelielewa jambo hili katika «Soundtrack to a Coup d'Etat» ya mwaka 2024, ambamo nyimbo za Wakongo na jazi ya Wamarekani weusi zimepangwa bega kwa bega na picha za Umoja wa Mataifa na za kuanguka kwa Lumumba. Louis Armstrong, ambaye serikali ya Marekani ilimtuma kupiga tarumbeta Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960, anaonekana humo akishangiliwa, nasi tunajua ni nini serikali hiyo hiyo ilikuwa ikimpangia Lumumba. Armstrong hakuvunjiwa heshima, na muziki wake haukupunguzwa utamu, ila hatuwezi tena kuusikia peke yake.

Kuna njia nyingine, ya ndani zaidi, ambayo ningependa uichunguze kwa sababu filamu yako ni ya familia. Katika «Casablanca» ya mwaka 1942 wimbo «As Time Goes By» haukutungwa kwa ajili ya filamu. Herman Hupfeld alikuwa ameuandika tangu 1931. Rick, mwenye baa, amemkataza Sam, mpiga piano wake, kuupiga, na katazo hilo linatueleza jeraha lake kabla hatujasikia habari yoyote ya Paris. Ilsa, mwanamke aliyependana na Rick huko Paris, anapomwomba Sam aupige, hana haja ya kukiri kitu. Baadaye Max Steiner, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, anauchukua mlio ule ule na kuuingiza kwenye okestra, bila maneno, hata tunapowatazama Rick na Ilsa wakizungumza juu ya hati za kusafiria, sisi tunasikia kile wanachokificha. Zingatia kwamba wimbo ulianza kwa mtu aliyekaa mbele ya piano, ndani ya chumba, wahusika wakiusikia kwa masikio yao. Kama ungeanza juu ya picha, bila mtu wa kuupiga, usingekuwa mali yao.

Neno moja tu juu ya watazamaji. Mwishoni mwa «Cry Freedom», filamu ya mwaka 1987 juu ya Steve Biko, mpinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, unasikika «Nkosi Sikelel' iAfrika», na kwa Mwafrika Kusini wa wakati ule huo ulikuwa wimbo wa mapambano. Lakini Mzambia, hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na Mtanzania pia, husikia katika mlio huo wimbo wa taifa lao. Vivyo hivyo mzee wa Kinshasa hatausikia wimbo wako kama mzee wa Katuba, hapa Lubumbashi, ambaye wazazi wake walikimbia vita vya kujitenga. Usijaribu kuwasawazisha. Wape nafasi wote wawili.

Sasa nakujibu kuhusu mahali pa kuuweka. Uondoe mwishoni, kwenye majina ya waliotengeneza filamu, kwa maana pale utakuwa pambo. Babu yako alikuwa na desturi ya kuupiga mluzi alipokuwa akinawa mikono jioni, na hiyo unaijua wewe mwenyewe. Basi uanze hapo, mluzi mtupu, mapema, kabla mtazamaji hajajua kwamba utakuwa na maana. Urudi mara ya pili redioni, katika ile sehemu ambapo anaisoma barua ya kusimamishwa kazi, na uchague ubeti wa majina badala ya kiitikio, kwa sababu kiitikio kila mtu atakiimba na barua haitasikika. Usiweke maandishi ya tafsiri chini ya picha wakati huo. Majina hayahitaji tafsiri. Redio izimwe na mtu, kwa mkono tunaouona, kabla ubeti haujaisha.

Kabla ya hayo yote, tafuta ruhusa ya wenye haki ya wimbo, kwa maandishi, na uanze sasa, kwa kuwa shughuli hiyo huchukua muda na tamasha la sinema halitaipokea filamu yako bila karatasi hizo. Ikikawia, mluzi hautakuokoa, maana mlio nao una mwenyewe. Nitumie sehemu ya barua na redio ukimaliza kuikata. Mama yako anataka kuisikiliza kwanza akiwa amefumba macho, halafu ndipo aitazame.

Baba yako