Kuhusu yule rubani

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama Fail Safe, ile filamu ya mwaka 1964 tuliyoitazama Krismasi, imepitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta za siku hizi si za kuharibika kifaa kimoja tu zikapeleka ndege za mabomu Moscow. Labda imepitwa. Lakini mimi namkumbuka rubani. Rais wa Marekani mwenyewe anamwambia kwa redio arudi, hataki. Analetwa mkewe, anamsihi, naye anasonga mbele. Amefundishwa kwamba akishavuka mahali pa mwisho pa kurudishwa, sauti yoyote ni hila ya adui.

Nami nilifanya hivyo, miaka ile ya dirisha la pensheni. Kompyuta zilikuwa zimeingia juzi juzi, jioni tunazifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu yako. Akaja mzee mmoja, kofia mkononi. Skrini ikasema amefariki. Nikamwambia, "Mzee, kompyuta haidanganyi." Mama yako huyu, namwambia mtu aliye hai! Akaweka viganja vyake juu ya kaunta, akavigeuza taratibu, juu na chini, ili nivione. Nikaita anayefuata. Jina lake lilikuja kurekebishwa baadaye, ila dirishani kwangu hakurudi tena.

Ndiyo maana nakwambia tangu uko darasa la pili: mtu asikilizwe kwanza.

Lakini sauti nayo huigizwa, siku hizi hata yangu wataiiga nisijue. Rubani hakuwa mjinga. Na Stanislav Petrov, yule afisa wa Kisovieti, usiku ule wa Septemba 1983, hakuwa na sauti ya kusikiliza. Mitambo inamwambia makombora matano ya Marekani yanakuja. Akajiuliza, nani aanzishe vita vya nyuklia kwa makombora matano? Akaripoti kuwa ni hitilafu. Kumbe ni mng'ao wa jua mawinguni uliohadaa setilaiti. Yeye alisikiliza shaka yake mwenyewe. Na kama angekosea? Hapo nakwama. Hata hivyo, mtu asikilizwe kwanza.

Ile kazi uliyoigusia mwishoni, ya programu za ndege zisizo na rubani, ulimi unaniwasha lakini sisemi, wewe ni mtu mzima. Waulize tu ni nani atakayekaa dirishani, na kama ataruhusiwa kuinua macho kwenye skrini. Wakikujibu nipigie, hata iwe usiku.

Mama