Jozani huanza barabarani

Wengi waendao Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja, huwafuata kima punju, na wana haki, kwa kuwa asili ya mnyama huyo ni Zanzibar peke yake. Hata hivyo, nilivyojionea mimi, wajibu wa mgeni huanza kabla hajalifikia lango. Barabara iendayo Makunduchi na Jambiani hupita kando ya msitu, na kima, wasiojua mpaka wa hifadhi iliyotangazwa mwaka 2004, huivuka kufuata majani machanga katika mashamba ya jirani. Matuta yamepunguza ajali za kuwagonga, lakini hayakuzimaliza. Kwa hiyo mwambie dereva wako mapema, kwa adabu, kwamba huna haraka.

Nenda asubuhi au alasiri, kwani jua linapokuwa kali kima hupumzika. Waliozoea watu huweza kukusogelea kabisa. Wewe rudi nyuma, usiwaguse wala kuwapa chakula, na ukiwa na mafua ahirisha safari, maana maradhi yetu huweza kuwaambukiza. Usistaajabu ukimwona mmoja anatafuna mkaa: majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana kemikali ambazo, kwa maelezo ya watafiti, mkaa huzifyonza tumboni.

Wapo wanaosimamisha gari njiani, wakapiga picha, wakaondoka bila kulipa. Naona huo ni ubahili usiopendeza. Wakulima wa hapo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kima humaliza nazi changa, na ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 1999 haukuona mavuno yakipungua kwa sababu hiyo, uvumilivu wao ndio unaomweka hai mnyama alaye nje ya hifadhi. Sehemu ya viingilio imekuwa ikiwafikia wao na vijiji vyao.

Mikoko, ambayo wageni wengi huipitia mbiombio, ndiyo niipendayo zaidi. Kabla ya kuondoka mjini, ulizia saa za maji kupwa na kujaa: yakiwa yamekupwa utaiona mizizi na kaa matopeni kutoka kwenye daraja la mbao, na yakijaa utawaona samaki wadogo waliojificha humo. Mwongozaji akianza kuharakisha, mwombe mkae kidogo. Kwa kawaida hukubali kwa furaha.