Leki wetu hafundishi, anatuuliza tu

SWALI: Mwalimu habari ya huko na pole na kazi. Niko mwaka wa kwanza wa sayansi, chuo kimoja hapa Kisumu, na shida yangu ni leki wa fizikia. Huyu mtu akiingia haandiki kitu kwa ubao, anaweka swali moja kwa projekta, anasema kila mtu achague jibu alafu ageukie jirani wabishane, dakika tano nzima kelele tupu, na yeye anazunguka kati ya viti akitusikiliza kama msimamizi wa mtihani. Notsi anatupa usiku kwa grupu ya WhatsApp eti tusome kabla ya kuja, na bando ni yangu. Sasa yule wa kemia anapiga lekcha masaa mawili, ubao unajaa unafutwa unajaa tena, natoka na kurasa nane na naskia nimeshiba. Huyu wa fizikia natoka nimechanganyikiwa kuliko venye niliingia. Baba aliuza ng'ombe nije nifundishwe na leki, si na jirani mwenye alipata C pleni kama mimi. Klasi imeandika barua kwa mkuu wa idara abadilishwe. Nisaini ama?
Komredi aliyechoka, Kisumu

JIBU: Komredi, usisaini bado, ngoja wiki moja nikupe kazi kidogo. Hio chemistri unasema umeshiba nayo, Jumapili jioni chukua karatasi tupu, funga kitabu, andika venye leki alieleza wiki iliyopita, hatua kwa hatua, kwa maneno yako. Usichungulie. Mimi nimefanyisha wanafunzi hio kitu miaka mingi na najua mahali utakwama, ni kwa mstari wa tatu hivi, mahali alisema "kwa hivyo ni wazi kwamba" na wewe ukaandika bila kuuliza ni wazi kwa nani.

Kushiba na kuelewa si kitu moja. Leki mwenye anaongea vizuri anafanya jambo gumu lionekane rahisi, na wewe unachukua urahisi wake unadhani ni wako. Pale Harvard, Marekani, waliichunguza hii kitu na matokeo yakachapishwa 2019: wanafunzi wa kozi ya kuanzia ya fizikia waligawanywa, wengine wakapata lekcha safi ya mtu mwenye anajua kuongea, wengine wakapewa maswali wayapige vita kwa vikundi vidogo, mada ikiwa ile ile na makaratasi yale yale, alafu kwa mada iliyofuata wakabadilishana. Wale wa vikundi walisema wamejifunza kidogo. Lakini kwa mtihani ndio walipata zaidi. Yaani ile kuchanganyikiwa unalalamikia ilikuwa ni akili ikifanya kazi, na wao pia waliichukulia ni kama hawajifunzi.

Hebu jaribu hii. Trekta ya miwa yenye imevuta trela mbili imegongana na bodaboda, uso kwa uso, hapo kwa barabara ya Mumias. Nani amepigwa na fosi kubwa, trekta ama boda? Nikiuliza klasi ya watu mia, wengi wanasema boda, tena wananiangalia kama mimi ndio sijui. Fosi ni sawa. Boda ndio inaruka kwa mtaro juu masi yake ni ndogo, fosi ile ile inaibadilisha mwendo vibaya sana, na trekta haishtuki. Sheria ya tatu ya Newton uliimba kidato cha tatu na ukaandika kwa mtihani, lakini kichwani bado uliamini trekta inapiga zaidi. Hakuna lekcha inatoa hio imani. Inatolewa na jirani wako akikuambia "sasa wewe, hio fosi ingine imeenda wapi?" na unakosa jibu.

Eric Mazur, leki wa huko huko Harvard, alijigundua hivyo. Wanafunzi walikuwa wanampenda na wanakokotoa hesabu ngumu vizuri tu, siku moja akawapa maswali mepesi ya aina hio ya trekta, mmoja akamuuliza ajibu venye alifundishwa ama venye yeye mwenyewe huwa anafikiria. Tangu 1991 akaanza kufundisha kwa maswali na majirani, kama huyu wenu. Na 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni: kwa lekcha tupu walifeli karibu 34 kwa kila 100, kwa klasi za kushiriki karibu 22. Hao 12 hapo kati wewe unawajua, ni wale hubaki likizo wakifanya sapu, ule mtihani wa kurudia.

Sasa si kila kitu umekosea. Kama leki anawaacha mbishane na kengele inalia bila yeye kusema jibu ni gani na kwa nini yale mengine si sahihi, huyo anawaonea na muende mumwambie, nyinyi watatu wanne, ofisini kwake, kwa heshima, kabla ya barua. Notsi pia atume siku mbili mbele kwa faili nyepesi, si picha kumi za simu usiku wa manane. Na muulize CAT, ule mtihani mdogo wa kati ya muhula, itakuwa ya aina gani, juu kama klasi ni ya kufikiria na CAT ni ya kukariri, hapo mna haki ya kulia.

Na kuna hii hakuna mtu husema: wengi hunyamaza kwa kikundi juu wanaogopa kushrabu Kiingereza wachekwe. Bishaneni kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa chochote. Fosi haina lugha.

SWALI: Mwalimu, mimi niko upande ule mwingine. Nafundisha baiolojia Kakamega, wanafunzi 280 kwa ukumbi wenye viti vimefungwa chini. Nilijaribu vikundi, kwa fomu za mwisho wa muhula wakaniandika mvivu. Nimerudi kwa lekcha.
Leki, Kakamega

JIBU: Pole mwenzangu, hio neno inauma. Ulianza bila kuwaambia kwa nini. Wiki ya kwanza chukua dakika 20, wape CAT ndogo, waonyeshe wenyewe venye hawakumbuki, alafu ndio ueleze mtafanya aje. Viti usivisumbue, wawili wawili wanatosha. Wakate manila nne za rangi, moja kwa kila jibu, A, B, C, D, wainue pamoja wakihesabu moja mbili tatu, na ukiona rangi ya jibu sahihi imejaa ukumbi wote songa mbele, usiwapotezee muda.