Trakka yasema gari lanywa dizeli: jinsi dereva anavyopaswa kuisoma ripoti

Ndugu, umeuliza kwa nini tajiri anakukata pesa ati trakka, kile kifaa cha kufuatilia gari, yasema lori lako linakunywa dizeli nyingi safari ya Nairobi, na likirudi Mombasa halinywi. Anza na hesabu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kupandisha tani 50 hadi huko, bila kuhesabu upepo wala matairi, kunakula karibu lita 60 kwa injini nzuri. Ukishuka na kontena tupu, deni hilo halipo. Kwa hiyo kila upande uwe na kiwango chake cha kilomita kwa lita, na uzito wa mizani uandikwe kando.

Mafuta yanayopotea kweli, mengi hupotea gari likiwa limesimama. Injini kubwa ikinguruma bure hula lita 2 hadi 3 kwa saa. Ukilala Mariakani kwa muda wa saa 8 na AC imewashwa, lita 20 zimekwenda. Kwenye foleni ya geti la bandari, kama hakuna kusogea kwa dakika 3, zima. Ukiwa umetoka kuvuta mlima, iache kwanza dakika 2 au 3 turbo ipoe.

Lakini muulize fundi trakka inajuaje kwamba injini inawaka. Nyingi zimeungwa kwenye waya wa swichi tu, kwa hiyo ukifungua ufunguo usikilize redio unaandikiwa kwamba injini ilinguruma. Aunganishe na kipimo cha kasi ya mzunguko wa injini (RPM), au walau asome volti: mfumo wa volti 24, ukipita 27, alteneta inachaji betri, yaani injini inawaka.

Mteremko wa Mazeras kuja Miritini, wengi bado wanaweka fri, yaani wanatoa gia, wakidhani wanaokoa mafuta. Injini ya kielektroniki ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwa eksileta, hufunga mafuta kabisa; ukiweka fri inabidi iyachome ili isizime. Tena umeitupa breki ya injini, breki za magurudumu zinapata moto na kushindwa kushika. Hapo sina mjadala.

Voi hadi Mtito Andei, karibu kilomita 100, tembea 70 badala ya 80. Ukinzani wa hewa unapungua karibu robo, nawe unachelewa kama dakika 10. Kwenye vilima vya Maungu, legeza mguu kabla ya kufika kileleni. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi, na lile la ndani kwenye matairi pacha usilisahau.

Sasa senza ya tangi, kile kipimio cha mafuta kinachotuma usomaji kwa trakka, maana hapa ndipo watu huitwa wezi. Gari likiegeshwa kwenye mwinamo, mafuta huhamia upande mmoja na grafu inashuka bila mtu kufungua kifuniko. Ukiwa na matangi mawili na senza moja, hesabu inakuwa nusu. Tangi lililobonyea baada ya senza kufungwa linahitaji kupimwa upya: mwaga lote, jaza lita 20 kwa 20, kila hatua ikiandikwa. Tofauti na wizi, mshuko wa mwinamo hurudi gari likisimama tambarare.

Wewe jaza mpaka juu kila safari, pampu ileile ikiwezekana, upige picha risiti na kilomita za dashibodi pamoja. Na sili ya KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) kwenye mzigo wa transiti, yaani unaopita kwenda nchi nyingine, haihusiki na haya yote: ile inalinda kontena na njia, haipimi dizeli.